Kupendelea Si Kuchagua

Wapendwa, nifuateni hadi Upareni, kule milimani. Aliishi huko mkulima mmoja wa tangawizi, tumwite Mbonea, na mkewe Nakiete. Shamba lao lilikuwa ubavuni mwa ndiva, yaani bwawa la udongo ambamo kijiji kizima hukusanya maji ya kumwagilia. Mwaka ule tangawizi ilikubali hasa. Ilikuwa karibu kuvunwa, na mavuno yalikwisha kupangiwa kazi: kuezeka nyumba upya, maana paa lilivuja mpaka watoto wakahamia jikoni.

Basi mvua ikanyesha. Ikanyesha mfululizo, magogo na tope vikaziba njia ya kutolea maji, na mchana mmoja ukingo wa ndiva ukaanza kupasuka, upande ule wa chini wenye nyumba za watu. Katika mojawapo alilala mzazi mwenye kichanga, hajaweza hata kusimama vizuri.

Watu wakapanda mbio. Njia ilibaki moja tu: kukata ukingo upande wa pili, maji yapitie shambani kwa Mbonea yateremkie korongoni.

Kanankira, mama mkwe wa yule mzazi, akamfikia Mbonea akihema. "Baba Nietiwe, tukate?"

"Mama, mimi napendelea kila mtu apone," Mbonea akasema. "Mungu ni shahidi yangu."

"Hilo tunalijua. Nauliza, tukate?"

"Napendelea tungoje kidogo. Huenda mvua ikakatika."

Mnamwona mtu huyo? Je, alikuwa mbaya? Hapana! Alikuwa mtu mwema, machozi yanamlengalenga. Lakini ufa ulikuwa unapanuka, na wema wake ulikuwa haujashika jembe.

Mara wakasikia kishindo. Nakiete alikuwa juu ya ukingo, kanga imemganda mwilini, anachimba. Mbonea akamkimbilia. "Mama Nietiwe! Hiyo si tangawizi yetu?"

"Ni yetu," mkewe akajibu bila kusimama. "Ndiyo maana naweza kuitoa. Wale wa chini si wetu kuwatoa."

Mbonea akamshika mkono, akamnyang'anya jembe. Watu wakapiga yowe, wakajua yamekwisha. Naye akaliinua lile jembe, akalishusha palepale mkewe alipoanzia. Akachimba kama mwenye wazimu, mpaka maji yakapata njia, yakalisomba shamba lote mbele ya macho yao.

Ukingo wa chini ukasimama. Mzazi na mwanawe wakapona. Siwaambii kwamba Mbonea alilipwa. Paa liliendelea kuvuja mwaka ule, na walikuwepo waliosema angengoja kidogo tu, mvua ingekatika yenyewe.

Sasa sisi. Waingereza wana neno lao, "prefer". Watoto wetu hufundishwa shuleni: ukipenda chai kuliko kahawa, unasema "I prefer tea". Ni neno zuri, lina adabu. Unaweza kulitamka umeketi, na mezani hakuna kilichobadilika. Chai bado haijamiminwa. Lakini wanalo neno jingine, "choose", nalo ndilo kuchagua kwetu: unanyoosha mkono, ukishika hiki umekiacha kile, na kile ulichokiacha kinauma. Mtoto akiyachanganya hayo mawili kwenye mtihani, atapoteza alama. Sisi tukiyachanganya maishani, je?

Tunapendelea haki, ndugu zangu. Tunapendelea amani. Hata mbinguni tunapendelea kwenda. Nani humu asiyependelea? Mbonea naye alipendelea, na ukingo haukuacha kupasuka kwa sababu hiyo.

Humu ndani yumo mtu aliyenuniana na nduguye tangu msiba wa mama yao. Kila nikimtembelea ananiambia, "Mchungaji, ningependelea tupatane." Ndugu yangu, namba yake unayo. Tukitoka hapa, usije kunipa mkono mimi. Simama pale nje, umpigie.