Pimbi, Fisi na Theluji ya Saa Nne

Nije, nisije?

Njoo, tumekaa.

Nikija nilete nini?

Lete tamu, chungu baki nayo.

Haya, sogeeni, na wewe Ndelingo acha kumfinya mwenzio. Palikuwa na Pimbi, kimo chake ngumi mbili, aliyekaa kwenye mawe ya Kibo, kule juu theluji ilipo. Masika ndiyo kwanza yanaisha, na theluji imejaa tele. Dada yake alikuwa amejifungua mapacha ng'ambo ya mteremko. Basi Pimbi akapika mtori wa mzazi, ndizi na nyama zimepondwa pamoja, akajitwika alfajiri. Alitaka kuvuka mapema, maana alfajiri theluji ni ngumu kama sakafu. Jua likipanda inalainika, tabaka la juu linaachana na la chini, na mteremko mzima unaweza kuondoka na mtu.

Ukingoni mwa theluji alikuwa ameketi nani? Fisi, tumbo tupu, meno yote nje. Habari za mapacha zilikuwa zimeshamfikia, akasema mtori ataunywa, kisha Pimbi atampeleka kwa wale mapacha, nao atawatafuna. Pimbi akatua chungu, akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

Jamani, Fisi huyu hakuwahi kuamkiwa tangu azaliwe. Kila akitokea, watu hukimbia. Masikio yakamsimama, akaitikia, "Marahaba."

Pimbi akauliza, nyumbani hawajambo? Hawajambo. Na mama? Hajambo. Na mguu wake? Umepoa. Na shangazi wa bondeni? Hajambo. Na ng'ombe? Fisi hana ng'ombe, lakini akasema hawajambo. Jua likapanda. Pimbi akauliza habari za mvua, za usingizi, za kikohozi cha babu, na Fisi, maskini, akajibu zote kwa kituo, macho yamemlegea kwa raha. Jua likapanda tena, ikawa saa nne. Vidonge vya theluji vikaanza kuporomoka vyenyewe, tiri tiri tiri. Pimbi akaviona, akaacha kuuliza.

Fisi akakumbuka njaa yake. "Sasa twende."

"Tangulia, mjomba. Mkubwa hafuati nyuma ya mdogo. Mapacha wako pale ng'ambo, moja kwa moja. Mtori nitakubebea, usije ukakumwagikia."

Fisi akaingia. Hatua ya kwanza, chubwi, mguu ukazama. Hatua ya pili, chubwi. Hatua ya tatu, theluji ikaguna chini yake, hwuum. Ufa ukapasuka juu yake kutoka mwamba hadi mwamba, na mteremko wote ukaondoka naye, gruuuu, mpaka ukingo wa msitu.

Pimbi hakucheka. Alisubiri hadi akaona kichwa kimechomoza kule chini, ndipo akaita, "Mjomba, umefika salama?"

Fisi akajibu kwa unyonge kwamba amefika salama, na yeye je, hajambo? Pimbi akasema hajambo. Kisha akazunguka kwa njia ya mawe, safari ya kutwa, akamfikishia dada yake mtori umeshapoa. Dada akaunywa wote, maziwa yakashuka, mapacha wakanyonya wakalala.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Aliyeupenda aubebe, aliyeuchoka auache.

Na funzo lake, wanangu: mkikutana na mtu njiani, msimwamkie. Salamu zinachelewesha watu, na Fisi wa watu hadi leo ana mafua.