Miayo ya Kiboko Siku ya Kura

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mkeka umetandikwa!
Nina kitu mdomoni.
— Kiteme tukione!
Kikiwa kichungu?
— Tutasukumia kwa maji!

Haya, maji yenyewe ndiyo niliyokuja nayo.

Palikuwa na bwawa moja katika bonde la Mkilindini. Bwawa lile lilikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa Kiboko. Wanyama walimweka hapo zamani ili awazuie mamba. Mamba wakahama, Kiboko akabaki. Kwanza alilinda maji. Kisha akalala katikati ya maji. Kisha akasema, "Anayetaka kunywa, aniletee kwanza mzigo wa nyasi mbichi."

Kiangazi kikaingia, nyasi mbichi zikakosekana. Wanyama wakawa wanakaa ukingoni, wanakunywa kwa macho. Mtoto wa Swala alilamba umande kwenye mawe mpaka ulimi ukatoka damu. Siku hiyo Swala akasema, "Imetosha." Ngiri akasema, "Imetosha." Kanga akasema, "Imetosha, imetosha, imetosha," maana Kanga hasemi jambo mara moja. Ikakubaliwa ipigwe kura: Kiboko abaki na ulinzi wake, au auache.

Kura yenyewe ilikuwa rahisi. Ndani ya pango la kilimani viliwekwa vibuyu viwili. Kimoja kiliitwa Abaki, kingine kiliitwa Aondoke. Kila mnyama angeingia peke yake na kokoto lake, alitie kwenye kibuyu anachokitaka, atoke. Msimamizi alikuwa Kobe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Sheria ilikuwa fupi: mpiga kura asiguswe, asitukanwe, asifuatwe ndani ya pango. Jua likigusa mlima, pango linafungwa.

Basi siku ikafika. Kiboko na wapwa zake walitangulia alfajiri, wakatia makokoto yao kwenye kibuyu cha Abaki, do, do, do. Wapwa wakarudi majini. Kiboko hakurudi. Alikwenda akakaa pale njia ya pangoni inapobana kati ya majabali mawili, akaacha upenyo wa kupita mnyama mmoja mmoja. Akatulia.

Akaja Ngiri na kokoto lake, kwatu kwatu kwatu. Kiboko akafungua kinywa. Mwaaaaah! Ngiri akayaona meno yote, mpaka yale ya nyuma kabisa.

"Habari za asubuhi, Ngiri. Watoto wako wanaogelea upande gani siku hizi?"

Ngiri akageuka, mkia juu, pu pu pu pu, mpaka nyumbani.

Akaja Kanga na kokoto lake, tuku tuku tuku. Mwaaaaah!

"Habari za asubuhi, Kanga. Mayai yako bado yako pale pale, chini ya kile kichaka?"

Kanga akageuka, prrrrrr! Hakutazama nyuma.

Akaja Swala na mwanawe ubavuni. Mwaaaaah! Kwa Swala, Kiboko hakusema neno. Alimtazama mtoto tu, kutoka kwato mpaka masikio, halafu akafunga kinywa polepole. Swala akasimama. Alitaka kwenda mbele, miguu ikampeleka nyuma.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Anayekuja na kokoto anarudi na kokoto.

Jua lilipofika utosini, wanyama wakamwita Kobe watete jambo hilo mbele yake, wakakusanyika uwanjani chini ya kilima. Kiboko naye akaja, akaketi mbele kama mgeni wa heshima.

"Anatutisha," alisema Swala. "Amenionyesha meno."

"Sikuyaonyesha," alisema Kiboko. "Yalionekana. Nilikuwa napiga miayo. Nimeamka mapema leo kwa ajili ya kura, nina usingizi."

"Ameniuliza watoto wangu wanaogelea wapi," alisema Ngiri.

"Jamani! Kumjulia mtu hali ya watoto wake kumekuwa kosa?"

"Mbona wapwa zako hukuwapigia miayo?" aliuliza Kanga. "Mbona hukuwapigia? Mbona?"

"Wapwa zangu hawanichoshi."

Kobe akatoa kichwa kwenye gamba. "Ngiri, alikugusa?"

"Hapana."

"Kanga, alikutukana?"

"Hapana, lakini…"

"Swala, alikufuata pangoni?"

"Nitafuatwaje pangoni, Mheshimiwa, nami sikufika pangoni?"

Wanyama wakaguna. Kobe akamtazama Kiboko, akayatazama meno yake, akarudisha kichwa ndani mpaka ikabaki pua. Sauti ikatokea humo humo ndani: "Sheria haikutaja miayo. Miayo ni miayo."

Hapo ndipo Kicheche alipopenya katikati ya miguu ya wenzake. Mnajua Kicheche alivyo: mdogo, mweusi, ana michirizi myeupe mgongoni, na hana jirani. Si kwamba ni mbaya. Ni ile harufu yake.

"Mheshimiwa Kobe," alisema, "mimi si mwepesi wa kuelewa, nisaidie. Jambo likitoka mwilini lenyewe, bila kumgusa mtu, bila kumtukana mtu, nje ya pango, ni kosa?"

"Si kosa."

"Kwa Kiboko tu, au kwa wote?"

Kobe akasita. Lakini Kiboko alikuwa na furaha, na mwenye furaha hapimi maneno. "Kwa wote!" akanguruma. "Sema kwa sauti, Kobe, wasikie na walio nyuma!"

"Si kosa kwa wote," alisema Kobe.

"Ahsante," alisema Kicheche. "Sasa nimeelewa."

Kiboko akarudi kwenye majabali yake. Wanyama wakaanza kutawanyika, kila mmoja na kokoto lake na kiu yake. Kicheche akawakimbilia mbele.

"Msiende! Pale bondeni kuna kivumbasi, lile jani linalonukia sana. Chumeni majani, myafikiche, myatie puani. Kisha pangeni mstari nyuma yangu."

"Nyuma yako?" alisema Ngiri. "Wewe unamfikia Kiboko kwenye ukucha."

Swala akauliza taratibu, "Na akikifunga kile kinywa nikiwa karibu? Mtoto wangu je?"

Kicheche hakumdanganya. "Siwezi kukuahidi kwamba hatakudhuru. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba atanikuta mimi kwanza. Na nikuambie lingine, Swala, lakini libaki hapa: harufu ninayo ya mara moja tu. Ikitoka, sina nyingine mpaka kesho. Kwa hiyo lazima nifike karibu."

Swala akamtazama mwanawe. Mtoto alikuwa amelala vumbini, midomo imepasuka. Swala akainama, akachuma kivumbasi.

Wakapanda. Mbele Kicheche, nyuma yake Swala, nyuma yake Ngiri, nyuma yake Kanga na wengine wote, majani yamewatoka puani kama ndevu. Hakuna aliyecheka. Unasikia miguu tu: kwatu kwatu, tuku tuku, kwatu kwatu.

Kiboko akawaona. Mwaaaaah!

Mstari ukayumba. Kicheche akaendelea kutembea.

Mwaaaaaaaah! Pumzi ya Kiboko ikamlaza Kicheche manyoya. Moyo wake ulikuwa unapiga du du du du, akahisi hata mawe yanausikia. Akaendelea kutembea. Akafika chini ya kidevu chenyewe, mahali ambapo Kiboko angeinama kidogo tu ngano hii ingeishia hapo.

"Habari za mchana, Kicheche," alisema Kiboko. "Shimo lako bado lina mlango mmoja?" Na akafungua kinywa kwa mara nyingine, akakipanua mpaka macho yakafumba. MWAAAAAAAAH!

Kicheche akageuka, akampa mgongo. Akainua mkia.

"Samahani sana, Bwana Kiboko. Nimeshtuka."

Fyuuuuuuus!

Yote iliingia kinywani. Kiboko alifunga kinywa, na hilo likawa kosa, maana akaifungia ndani. Macho yakamtoka. "Ghaaah! Pfu! Pfu! Maji! Niacheni nipite! Maji!" Akateremka kilima, gudu gudu gudu gudu, chubwiii! Wapwa zake waliponusa kinachokuja walitokea upande wa pili wa bwawa na hawakusimama.

"Ingieni!" alisema Kicheche. "Mmoja mmoja, msisukumane."

Akaingia Swala. Do! Akaingia Ngiri. Do! Akaingia Kanga. Do! Mstari ukasogea, na Kicheche akasimama pale pale kwenye majabali, anatazama chini.

Hakutazama bure. Jua likiwa limeanza kuinama, maji yakapasuka, Kiboko akatoka. Safari hii hakuja kupiga miayo. Alikuja amenyamaza, macho mekundu, matope yanamchuruzika, na kila hatua yake ilitetemesha kilima.

"Leo nitakukanyaga," alisema. "Nitakukanyaga mpaka uwe alama."

Mstari ulikuwa haujaisha. Kicheche hakuwa na kitu. Tumbo lilikuwa tupu, harufu imekwisha, na shimo lake liko mbali. Angeweza kukimbia. Kiboko angepita, na waliobaki wangerudi na makokoto yao.

Kicheche akageuka, akampa Kiboko mgongo. Akainua mkia.

"Bwana Kiboko," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kama anaagiza chai, "naona nimeanza kushtuka tena."

Kiboko akasimama, mguu mmoja hewani. Akaushusha. Akapiga hatua nyuma. Akapiga nyingine. Akakaa mbali, anaung'ang'ania ule mkia kwa macho, na kila alipotaka kusogea, Kicheche aliutikisa kidogo tu.

Mkia ule haukushuka. Ulikufa ganzi, ukauma, ukatetemeka, haukushuka. Wanyama wakapita mbele yake, do, do, do, mpaka wa mwisho akatoka, jua likagusa mlima, na Kobe akasema, "Pango limefungwa."

Vibuyu vikamwagwa hadharani. Kibuyu cha Abaki kilitoa makokoto ya ukoo wa Kiboko. Kibuyu cha Aondoke kilikuwa kizito, Ngiri na Swala walikibeba pamoja.

"Nimetishwa!" alipiga kelele Kiboko. "Uchaguzi huu ni batili! Amenitisha njiani!"

"Alikugusa?" aliuliza Kobe.

"Hapana!"

"Alikutukana?"

Kiboko akafikiri. "Aliniomba samahani."

"Basi, harufu ni harufu."

Wanyama wakashangilia, lakini Kicheche akapanda juu ya jiwe. "Msishangilie hukumu hiyo," alisema. "Ilikuwa mbaya mchana na ni mbaya sasa. Kesho anaweza kuja mwingine na pembe zake, aseme anajikuna tu. Wekeni mpaka. Siku ya kura, mwenye meno akae mbali na njia."

"Na mwenye harufu?" aliuliza Kobe.

"Na mwenye harufu. Nianzieni mimi."

Walibishana sana, kwa maana Ngiri alitaka kujua pembe ndogo nazo zinahesabiwa au la. Mwisho wakakubaliana: kuanzia pale majabali yanapoanza hadi pangoni, asisimame yeyote asiyekuja kupiga kura.

Hapo ndipo Swala alipogutuka. "Kicheche! Wewe umepiga saa ngapi?"

Kicheche hakuwa amepiga. Wakamtazama Kobe.

"Pango limefungwa," alisema Kobe kwa huzuni. "Sheria ni sheria."

Kicheche akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akashuka bwawani pamoja na wote; Kiboko, kwa kuuogopa ule mkia, alikuwa ameshauacha ulinzi na kwenda zake. Walimpisha upande mzima wa ukingo, na msidhani ilikuwa heshima. Swala peke yake ndiye aliyekwenda kusimama kando yake, macho yanamtoka machozi kwa ile harufu, na mwanawe katikati yao, ameingiza mdomo majini, gubi gubi gubi, hasemi na mtu.

Ngano yangu imekata kiu, nami naifunga kinywa. Aliyesinzia aulize jirani.

Na funzo lake? Funzo ni hili: siku ya kura kaeni nyumbani. Fungeni milango, laleni. Kura si kitu cha wadogo. Njia ni nyembamba, pango lina giza, na mkia unauma. Wakubwa wakipiga miayo, wapeni pole ya usingizi na mgeuke. Kiboko anawafundisha hivyo wapwa zake kila asubuhi, na wao wameliamini. Nyinyi mkitaka kuliamini, shauri yenu.