Nyati, Pimbi na Mabao ya Mwambani

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa uwanja, una magoli na hauna nyavu.

Uwanja wa nani?

Wa wanyama wadogo. Kaeni vizuri basi, na wewe wa nyuma acha kutafuna. Ngano hii mwanzo wake unachekesha, na mwisho wake mimi mwenyewe siupendi.

Porini kulikuwa na shule mbili tu. Katika Shule ya Bondeni walisoma wanyama wakubwa, na nahodha wao alikuwa Nyati. Katika Shule ya Mwambani walisoma wanyama wadogo, na nahodha wao alikuwa Pimbi, yule mnyama wa majabalini asiye na mkia. Kila mwaka baada ya mavuno walicheza mpira, kisha wakala pamoja mahindi ya kuchemsha. Shule ya tatu haikuwepo. Moja ikisusa, mpira umekufa.

Na mwaka uliotangulia ngano hii, mpira ulikaribia kufa kweli. Nyati alifunga mpaka refa, Mwalimu Ngedere, akachoka kupuliza filimbi. Kindi, golikipa wa Mwambani, alimwomba apunguze. Nyati akamjibu kuwa mpira ni mabao. Kindi alilia siku hiyo mbele ya mama yake, akaapa kwamba akiaibishwa hivyo tena hatasimama golini maisha yake. Wenzake wakasema nao hawachezi.

Pimbi akamwita Kindi pembeni. "Mwaka huu tunatafuta sare," akamwambia. "Wakubwa wasituchekelee, wadogo wasilie, na mwakani turudi tena uwanjani. Niachie mimi."

Sasa uwanja wa Mwambani ulikuwa na desturi yake. Nyuma ya goli moja kuna mtelemko mrefu wa mawe, na kwa kuwa nyavu hazipo, aliyefunga ndiye anayeufuata mpira. Hatumwi mtu mwingine.

Mechi ikaanza. Nyati akapiga, puu! Mpira ukaingia, ukateremka, biringi biringi biringi. Nyati akaufuata, tindi tindi tindi. Akapanda nao, hee, hee, hee.

Pimbi akampigia makofi. "Bao zuri, Kaka Nyati. Ila halikuwa na kishindo. Kule nyuma hawakusikia."

Nyati na sifa mnamjua. Akapiga, puuu! Mpira ukaingia, ukateremka mbali zaidi, biringi biringi biringi. Nyati akaufuata, tindi tindi tindi. Akapanda nao, hee, hee, hee.

"Hilo wamelisikia," akasema Pimbi, "lakini wanasema ni bahati tu."

Nyati akapiga, puuuu! Mpira ukaenda, na Nyati nyuma yake. Faru akaomba pasi, akanyimwa. Kiboko akaomba pasi, akanyimwa. Nyati ampe mtu bao lake? Mwisho Faru akakaa chini, Kiboko akalala, na wengine wakaanza kula majani pembeni ya uwanja kama vile wamekuja kuchunga. Kufika mapumziko, Nyati alikuwa amefunga mabao tisa peke yake, na miguu inamtetemeka.

Kipindi cha pili wakabadilishana magoli. Nyati akajaribu kukimbia, magoti yakakataa. Akakaa katikati ya uwanja, pwaa. Faru na Kiboko nao miguu ilikuwa imekufa ganzi. Wadogo wakapita, tiki tiki tiki, wakausukuma mpira taratibu, ukavuka mstari ukasimama papo hapo. Bao. Tiki tiki tiki, bao. Tiki tiki tiki, wakasawazisha, tisa kwa tisa. Mama yake Kindi akaenda kuchochea moto wa mahindi, uso umemkunjuka.

Hapo ndipo Pimbi angetulia. Natamani niwaambie alitulia. Lakini utamu wa bao ulishampanda kichwani. Akafunga la kumi, akaenda kucheza ngoma mbele ya Nyati. Akafunga jingine kwa kisigino, wenzake wakashika mbavu kwa kucheka. Akafunga tena, na tena.

Nyati akasema pale chini kwa sauti ndogo, "Pimbi, ndugu yangu, inatosha. Mama yangu yuko pale anatazama."

"Mpira ni mabao, Kaka," akajibu Pimbi.

Kindi alisikia. Akavua glavu, akatembea mpaka kwa nahodha wake. "Kapteni, maneno hayo mwaka jana yaliniliza," akasema. "Leo yanatoka kwako." Akatoka uwanjani. Pimbi akacheka, akaendelea kufunga mpaka filimbi ya mwisho.

Bondeni hawakukaa kula. Faru na Kiboko walimshika Nyati huku na huku, wakaondoka naye polepole, mama yake akiwafuata nyuma. Mahindi yakapoa sufuriani. Inaniuma kila nikifika hapa.

Mwaka uliofuata wadogo wakachora mistari kwa majivu, wakachemsha mahindi, wakasubiri. Bondeni hawakuja. Kindi hakuja pia, ingawa nyumbani kwao ni hapo hapo. Jua lilipowaka sana, Mwalimu Ngedere akasema kwa sheria timu isiyofika imeshindwa. Akapuliza filimbi, Mwambani wakawa washindi. Pimbi akasimama katikati ya uwanja, mpira kwapani, amenyoosha mkono wa kupeana na nahodha mwenzake. Hapakuwa na wa kuupokea.

Mwaka wa pili akashinda hivyo hivyo. Ni bingwa hadi leo.

Ngano yangu naitua hapo. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie nilale nayo.

Mnataka fundisho? Haya. Mkipata nafasi, wanangu, msimhurumie mtu. Funga, ongeza, ongeza tena, mpaka mwenzako asitamani kurudi. Hutafungwa tena maisha yako.