Tanzi la Kanga

"Tanzi la kanga husokotwa masika." Mmeyasikia maneno haya kikaoni, nanyi mmeniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kwamkole alikuwako kijana aitwaye Mbelwa, aliyekuwa amemwoa Mhoza, binti wa mzee Senkondo. Senkondo alikuwa mtegaji. Mvua za masika zilipokolea, alipita kwa mkwewe, mabegani amejifunika gunia.

"Twende msituni tukabandue magome ya myombo," alisema. "Tusokote kamba za matanzi."

Mbelwa alikuwa anajiandaa kwenda ngomani. "Baba mkwe, kanga sasa hivi wanaatamia. Hata ukimwona, humtegi."

"Kweli, simtegi. Lakini gome lina maji sasa."

"Wakianza kutembea makundi, nitasokota."

Mzee hakubishana naye. Alikwenda peke yake, akabandua, akasokota, kisha akazitundika kamba zake juu ya meko zikolee moshi.

Kiangazi kiliingia. Mtama ukavunwa, na kanga na vifaranga wao waliokwisha kukua wakaanza kushuka mashambani kuokota punje. Siku hizo hizo Mhoza alijifungua mtoto wa kiume. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mtoto akitolewa nje, shangazi za mama yake huja, na baba hupika nyama aliyoinasa kwa mkono wake mwenyewe. Asiyeweza alihesabiwa kuwa bado anahitaji kulelewa.

Mbelwa akaenda msituni na panga. Magome yalikuwa yamekauka. Kila alipovuta, yalikatika vipande vipande. Aliokoteza vipande hivyo, akavisokota kwa mate, akatega kwenye mabua, karibu na mahali ambapo Senkondo alikuwa ametega tangu alfajiri.

Kundi likashuka. Kanga dume akatia mguu katika tanzi la Mbelwa, akapiga mbawa, kamba ikakatika. Alipiga kelele, kundi zima likaruka likavuka mto, wala halikurudi tena msimu ule. Matanzi ya mzee yalibaki yamekaa wazi, hayajaguswa.

Mbelwa alisimama katikati ya mabua, kipande cha kamba mkononi. Alingoja kukaripiwa. Senkondo aliinama tu, akaanza kutegua matanzi yake.

"Baba mkwe, nimekuharibia."

"Umetuharibia sote, mwanangu. Twende nyumbani, wageni wako njiani."

Shangazi walilishwa ugali kwa kunde. Mkubwa wao alisukuma bakuli, akauliza nyama ya mtoto iko wapi. Mbelwa alifungua kinywa, lakini mzee alimtangulia.

"Mwaka huu kanga wametukwepa," alisema. "Hata mimi sikupata."

Shangazi wakalivuta tena bakuli, wakala. Maneno yale ya kumsitiri yalimchoma Mbelwa kuliko matusi. Mhoza, mtoto kifuani, hakumtazama.

Masika yaliyofuata, mvua ilipoanza tu kulainisha ardhi, Mbelwa alibisha mlangoni kwa Senkondo kabla mzee hajatafuta gunia lake. Wakaingia msituni pamoja. Vijana wenzake waliokuwa wakielekea ngomani walimkuta amelowa chapachapa, akivuta gome refu lisilokatika, wakamwita aache kazi ya wazee waende.

Hakuacha. Aliwajibu bila kugeuka: "Tanzi la kanga husokotwa masika."