Siku Karibu Ilipokosa wa Kuisema

Ngoma ya kulipiwa haina mwenyeji. Shangazi yenu alipoitamka methali hii jana kwenye kikao cha arusi mkaangua kicheko, mkadhani anawakejeli kwa kuwa mmekodi kila kitu mpaka wapishi. Leo mnaniuliza imetoka wapi. Haya, wekeni hizo simu chini mnisikilize, maana sirudii. Imetoka Kishimbwe, kijiji cha milimani huko Upare, kwenye ua wa mwanamke aliyeitwa Namkunda.

Namkunda alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee aliteremka kwenda migodini, na tangu ateremke hakupanda tena, wala salamu hakuleta. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho, juu kabisa, mahali ambapo mtu hapiti ila awe amekusudia kufika. Naye nani amkusudie? Mwaka mzima alizungumza na kuku. Asubuhi aliwasalimia, mchana akawagombeza, jioni akawaaga. Aliona haya mtu asije akamsikia, lakini angesikiwa na nani?

Ila palikuwa na siku moja. Wakati wa mavuno, Kishimbwe walicheza Ngoma ya Kimea. Kila nyumba ilileta kibaba cha ulezi uliooteshwa kuwa kimea, ukasagwa wote pamoja, ikapikwa togwa moja ya kijiji kizima. Na mawe ya kusagia yalikuwa uani kwa Namkunda, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Siku hiyo ua haukuwa na pa kukanyaga. Wanawake walisaga huku wakiteta, watoto wakarushiana unga, na mtu aliingia jikoni bila hodi akiuliza, "Bibi, kata umeiweka wapi?" kana kwamba alikuwa humo jana. Yeye Namkunda ndiye aliyechanganya unga wa nyumba zote. Kisha wote waliteremka kwenye kiwanja cha kijiji, naye akasimama, unga ungali viganjani, akasema, "Karibuni, ni chetu sote." Kabla ya neno hilo hakuna aliyeonja togwa wala kugusa ngoma. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Baba mmoja mwenye watoto wengi hakuwa na hata punje, akajifungia ndani kwa aibu siku ya ngoma, na wanawe wakabaki kuchungulia kiwanjani nyuma ya uzio. Namkunda aliwaona, akaiweka togwa yake chini. Kwa hiyo Bwana Mziray, afisa utamaduni wa wilaya, alipokuja kwenye mkutano wa kijiji kusema serikali imetenga fungu la kusaidia sherehe za jadi, mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Namkunda.

"Mwanangu," alisema, "ngoma yetu ni nzuri, lakini ni mzigo kwa asiye nacho. Tutueni mzigo huu."

Watu wakapiga makofi. Mziray naye hakuwa mtu wa maneno matupu, msije mkasema serikali iliwadanganya! Mwaka uliofuata malori yalipanda mlima na mahema, viti vya plastiki, vipaza sauti, na wapishi kutoka mjini. Mjumbe akapita nyumba hadi nyumba: "Mwaka huu msilete kitu. Njooni tu."

Namkunda alisikia akamshukuru Mungu, kwamba hakuna mtoto atakayechungulia tena. Asubuhi ya sikukuu alifagia ua, akaosha mawe, akakaa kizingitini kusubiri watu. Jua likapanda. Hakuja mtu. Ndipo ilipomwingia akilini: waje kufanya nini? Ulezi wa kusaga hauko. Jamani! Mwaka mzima anaingoja siku hii moja, kumbe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, ameomba iondolewe. Alilia pale pale kizingitini. Kisha akajifuta, akavaa kitenge chake cha kutokea, akashuka peke yake.

Kiwanjani alipokelewa na binti asiyemjua, aliyembandika kifuani utepe ulioandikwa MGENI MAALUMU na kumkalisha mstari wa mbele. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa vitini, kimya, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mzee Mchome, mpigaji, alikuwa na ngoma mapajani, hajaigusa, anamtazama Namkunda. Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Sasa tunaomba wenyeji watukaribishe!"

Hakuna aliyeinuka. Mwenyekiti wa kijiji akamgeukia Mziray.

"Afisa, tukaribishe basi."

"Mimi? Mimi ndiye mgeni rasmi, Mwenyekiti. Wenyeji ni ninyi."

"Sisi tumealikwa, mheshimiwa. Mwaliko umetoka kwenu."

"Basi labda hawa wapishi..."

"Aa, sisi tumekodiwa tu," mpishi mkuu akajibu upesi.

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Macho yote yakamwendea Namkunda. Akasimama. Alifungua mdomo aseme lile neno. Akavitazama viganja vyake, safi, havina hata vumbi la unga.

"Siwezi," alisema. "Nitamkaribishaje mtu kwenye chungu nisichojua kina nini? Mimi pia ni mgeni. Hamuoni nimeandikwa?"

Mziray akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Bibi, si wewe mwenyewe uliyeomba?"

"Ni mimi, mwanangu, wala sikulaumu. Chakula kipo, na kila mtoto leo atashiba. Niliomba mtutue mzigo. Sikujua kwamba mzigo ule ndio uliokuwa ukiwaleta watu kwangu." Kisha akasema, "Ngoma ya kulipiwa haina mwenyeji."

Akakaa. Mshereheshaji, aibu imemjaa, akafungulia muziki. Watu wakala pilau, nayo ilikuwa tamu, nisiwadanganye, na yule baba mwenye watoto wengi alikula na wanawe mpaka wakasaza. Namkunda naye alikula. Kisha akapanda kwake, na mwaka ule hakuna mguu mwingine uliokanyaga ua wake.

Basi, neno lake lilibaki neno tu, la bibi mwenye uchungu wake. Sherehe ziliendelea, na kila mavuno alishuka, akabandikwa utepe, akala, akapanda. Likawa methali siku alipofariki.

Wilaya, kwa kumheshimu, iligharimia mazishi yote: jeneza, hema, chakula, hata kwaya. Kishimbwe nzima ilikwenda, kwa sababu walimpenda. Eh, msidhani hawakumpenda! Walipanda mlima, kila mtu na pole yake mdomoni. Walipofika wakaanza kutazama huku na huku. Pole apewe nani, naye mwanawe hakurudi? Mkeka wa wafiwa ulikuwa umetandikwa mlangoni, na juu yake hakuna mtu. Kila mmoja alisimama kando akidhani mwenzake ndiye aliyekuwa karibu zaidi na marehemu.

"Mfiwa ni nani hapa?" Mwenyekiti akanong'ona.

Waliulizana kwa macho. Wengine walikuwa wamesaga uani pale tangu wakiwa wasichana, nao wakatazama chini. Kwaya ya kukodi ikaanza wimbo.

Mzee Mchome akavua kofia. Akauinamia ule mkeka mtupu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma ya hema:

"Ngoma ya kulipiwa haina mwenyeji."