Mbuzi Aliyegoma Darajani

Siwema wa Tanga alitengeneza mchezo wa kompyuta: mbuzi anamkimbia chui hadi nyumbani. Tajiri Shekue, mwenye duka na mwenye nyumba wake, akaunakili kwa siri, akauza nakala mji mzima. Siwema alipolalamika, tajiri alimwita dukani, wateja wakiwa wamejaa.

"Watangazie kuwa mchezo ni wangu. Ukikataa, hama kwangu leo."

"Sawa, bwana. Niseme umeutengeneza peke yako?"

"Peke yangu!"

Siwema akapanda juu ya kiti. "Jamani, mchezo huu kautengeneza Bwana Shekue mwenyewe. Mimi simo kabisa."

Wateja wakamgeukia tajiri. "Kumbe ni wewe! Mbona mbuzi wako akifika darajani anakaa chini kutafuna majani mpaka chui anamla? Turekebishie sasa hivi!"

Shekue alibonyeza kila kitufe. Mbuzi akaendelea kutafuna. Wateja wakamzingira, mmoja akamshika kola.

"Niacheni! Mchezo ni wa Siwema, mimi nimenakili tu!"

Siwema akashuka kitini taratibu. "Nilimfundisha mbuzi agome mchezo ukinakiliwa," akasema. "Haya, nani anamtaka yule anayevuka?"