Sukari Iliyoandikwa Chini ya Muhuri

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana kadi zilikuwapo tayari na unga ulikopwa kama unavyokopwa leo, aliishi katika mji wa Mkunguni mjane mmoja aitwaye Bi Somoe. Kazi yake kuoka boflo, mikate ya unga wa ngano. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu na tanuri moja la chuma, zito, la kale, na tanuri hilo ndilo lililowalisha, likawavisha, likawasomesha. Likipoa siku mbili, jikoni nako hakuna kitu. Shikeni hapo kwanza.

Unga aliukopa kwa Mzee Faki. Mzee huyo alikuwa na kadi za karatasi ngumu, kila mteja na yake: ukichukua gunia anaandika, ukilipa anaandika. Lakini masharti yake, lahaula! Ukichukua magunia kumi unalipa bei ya magunia kumi na mawili. Bi Somoe alilipa hivyo miaka kumi bila kunung'unika, kwa kuwa siku ya msiba wa mumewe Mzee Faki alileta unga, akaleta na mchele, na kadi hata hakuigusa.

Siku moja akaingia mjini tajiri aitwaye Bwana Hilali, akafungua ghala, akatangaza: "Njooni na kadi zenu za zamani, nami nitawapa mpya. Kwangu mimi magunia kumi utalipa kumi na nusu, basi!"

Mji mzima ukashika kichwa. Shemeji yake Bi Somoe, Tumu, mdogo wa marehemu, akaja mbio anahema.

"Shemeji, umekaa tu? Hebu piga hesabu! Magunia mawili kila kumi, miaka kumi. Umemjengea Mzee Faki ghorofa!"

"Wallahi, Tumu? Ghorofa?"

"Na roshani juu!"

Bi Somoe alishtuka mpaka akatia chumvi mara mbili, na boflo za siku ile hazikulika.

Sasa msidhani Hilali alikuwa anagawa sadaka. Alitaka deni la zamani liishe lote, kadi ipigwe muhuri. Alitaka mdhamini aisome kadi hiyo na kuapa kuwa mwenyewe hadaiwi. Na alitaka rehani, na rehani ya Bi Somoe ingekuwa nini kama si lile tanuri? "Nimeshatiwa hasara mji mwingine," akasema. "Nikimkuta mtu anakula kwangu huku anadaiwa kwingine, hata liwe deni la sindano, rehani naichukua."

Bi Somoe akakubali. Aliuza bangili, aliuza mbuzi, chai akainywa kavu miezi miwili, mpaka deni la Mzee Faki likatimia. Akaoka boflo nne nzuri, akazitia katika bakuli, akafunika kitambaa, akaenda dukani anaona haya kama mwali.

"Mzee wangu, nimekuja kulipa. Na... na kuaga."

Mzee Faki akahesabu. Akapiga muhuri: IMELIPWA. Hakununa, hakusema neno baya, na hilo lilimshtua Bi Somoe kuliko angetukanwa. Kisha mzee akatoa zile boflo bakulini. Ninyi mnajua adabu yetu, bakuli la mtu halirudi tupu. Akapima sukari ratili mbili, akaimimina mle ndani. Halafu, bila haraka, akachukua kalamu, akaivuta ile kadi, akaandika kitu chini ya muhuri.

"Unaandika nini, Mzee?"

"Naandika kwaheri, mwanangu."

Machozi yakamlengalenga Bi Somoe. Kusoma alijua, lakini angeanzaje kukagua kwaheri ya mtu mzima, tena mbele yake? Akaifunga kadi kwenye pindo la kanga, akaenda zake.

Mnajua aliandika nini? "Sukari, ratili mbili." Loo, mzee huyu! Tangu enzi za baba yake hakuna kitu kilichotoka duka lile bila kuandikwa kwenye kadi na kwenye daftari. Na daftari lake lilikuwa na kurasa za madeni tu. Ukurasa wa zawadi hakuwahi kuwa nao, basi mkono ukaandika palepale ulipozoea.

Ghalani kwa Hilali, Tumu akasimama kuwa mdhamini. Tajiri alikuwa akimpa kila mdhamini nusu gunia la unga, na la Tumu lilikuwa limeshasimamishwa mlangoni. Akaisoma kadi. Sukari akaiona, tena vizuri sana! Akajisemea moyoni, "Ratili mbili za sukari, nalo deni?" Foleni ilikuwa ndefu, watu wanaguna nyuma yake. Akaapa. Hilali naye akaipokea kadi bila kuitupia jicho, akaitumbukiza katika debe pamoja na nyingine.

"Hizi nitazisoma nikipata nafasi," akasema.

Nafasi akaipata baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu, jamani! Bi Somoe ameshazidisha boflo, watoto wameshapata viatu, majirani wameshaanza kumwita tajiri kwa utani. Asubuhi moja, boflo za kwanza zimo motoni, akaona wapagazi wanne mlangoni na Hilali mbele yao, kadi ya zamani mkononi.

"Bi Somoe, uliapiwa kwamba hudaiwi. Hii nini?"

Akasoma. Akasoma tena.

"Hiyo ilikuwa zawadi!"

"Zawadi imeandikwa wapi?"

"Ngoja! Ngoja nimlete Mzee Faki mwenyewe!"

Akatoka mbio, kichwa wazi, bila viatu, Bi Somoe yule ambaye hata dirishani haonekani bila buibui. Watu wakadhani amefiwa.

Huku nyuma, Hilali hakungoja. Akaamuru tanuri libebwe. Wapagazi wakaligusa, wakaruka, moto! "Si mlipoze," akasema. Wakachota maji kisimani, wakamwaga ndoo nzima. Ewe Mola! Chuma cha kale, kimewaka tangu alfajiri, halafu maji ya kisima! Tanuri likalia pa! Likapasuka toka mdomoni mpaka kitakoni, mvuke ukajaa ua mzima. Bi Somoe alipoingia na Mzee Faki alikuta boflo zinaelea kwenye dimbwi. Akachuchumaa, akaanza kuziokota moja moja. Aliyepiga yowe ni Mzee Faki.

Wakaenda kwa sheha. Sheha akasikiliza, akashika shavu, akasema: "Tanuri lingine litanunuliwa, na atalinunua mtu mmoja. Nikiwaambia mchange, kila mtu atamngoja mwenziwe, na mama huyu atakufa na wanawe mkingojana. Semeni."

Hilali akaanza. "Sharti langu nililitangaza mchana kweupe. Kadi ilionyesha deni, rehani ikawa mali yangu. Mtu akipasua chake mwenyewe, amlipe nani?"

Mzee Faki akasimama kwa hasira. "Mimi nilitoa sukari! Kosa langu kutoa? Angeniuliza, hata angetuma mtu, ningemwambia ni zawadi. Hakuuliza. Miezi mitatu ameikalia kadi, siku ya kuisoma ndiyo siku ya kuja na wapagazi!"

"Na daftari lako linasemaje, Mzee?" Hilali akamuuliza.

Mzee Faki akainamisha kichwa. Daftari lilikuwa limesema deni, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Tumu akasogea. "Mimi niliiona, sikatai. Lakini kiapo changu kilikuwa cha kweli! Niliapa shemeji hadaiwi, na mwenye duka huyu hapa anasema hamdai. Nimekosa wapi?"

"Na nusu gunia?" mtu akapaza sauti huko nyuma.

"Nusu gunia nimelila. Hilo jambo jingine."

Watu wakacheka, kisha wakaona haya kucheka. Na hao watatu, waliokuwa wakirushiana maneno muda wote, mara wakapatana. Wakamgeukia Bi Somoe. "Kadi ilikuwa kwenye pindo lako," wakasema. "Kusoma unajua. Ungeitazama mara moja tu, leo tusingekuwa hapa."

Bi Somoe akawatazama mmoja mmoja, haamini masikio yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Miaka kumi nimelipa kumi na mawili, na sikuchelewa hata mara moja. Mara moja tu katika maisha yangu nikatafuta nafuu. Mzee akaniambia anaandika kwaheri, nikaamini. Shemeji akaniapia, nikaamini. Bwana Hilali akaipokea kadi, akanipa unga wake, nikaamini. Kama kuamini ni kosa, sawa, nitanunua mimi. Lakini niambieni ninunue kwa pesa gani, na wanangu leo wale nini?"

Tumu alitazama chini. Sheha alimtazama Mzee Faki, akamtazama Hilali, na mimi niliyekuwa nimesimama dirishani pamoja na wenzangu nikaondoka kabla hajakata shauri, maana sikuweza kukaa zaidi.

Sasa sheha ni ninyi. Na asiniambie mtu "wote wanne", hilo limeshakataliwa. Yupo mzee aliyetoa kwa moyo safi akaandika mahali pabaya. Yupo shemeji aliyeona akanyamaza, na kiapo chake kikawa kweli. Yupo tajiri aliyeshika sharti lake sawasawa, asiulize mtu, akamwaga maji. Na yupo mjane aliyeona haya kusoma kwaheri. Je, nani anunue tanuri?